Honi ya Pikapu Yangu Kwenye Maziko ya Mkwe

Wenzangu, mimi bibi mzima, mwenye wajukuu na meno yangu yote ya mbele, kuna ukoo mmoja kule Kisarawe nikikutana nao njiani natazama chini kama niliyedondosha sindano, na aibu hiyo sikuletewa na mtu, niliibeba mwenyewe kutoka Visiga nikiwa nimekaa siti ya mbele.

Alikuwa amefariki mkwe mwenzangu, Bi Tatu, mama yake Hamisi aliyemuoa binti yangu Mwanaidi. Mimi na Bi Tatu tulikuwa hatusemezani. Tuligombea jina la mjukuu (yeye alitaka la baba yake, mimi nikataka la marehemu mume wangu, mtoto akaishia kupewa la jirani), na tangu hapo kila mmoja akamnunia mwenzake. Sasa huku kwetu jeneza kabla halijaondoka nyumbani anasimama mtu, anawaomba waliohudhuria, mwenye kinyongo na marehemu amsamehe. Nikasema hapohapo ndipo nitakapotamka kwa sauti nimemsamehe, ndugu zake wote wasikie, maana walishamwambia Mwanaidi usoni kwamba mama yako siku akisikia tumefiwa atapika pilau. Binti yangu anaishi katikati ya watu hao. Nilikuwa nakwenda kumsafishia njia.

Asubuhi pikapu aliyoniachia mume wangu ikagoma. Ukizungusha ufunguo inafanya ta, ta, ta, basi. Mwanangu Saidi, ambaye ndiye dereva, akataka kumwita fundi, nikamwambia fundi wa nini, gari hii naijua kama ninavyoyajua magoti yangu. (Shule niliacha darasa la pili, lakini miaka yote mume wangu akilala chini ya gari, mimi ndiye niliyekuwa nampa spana.) Nikafungua boneti, nikakuta vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe kama chumvi, nikavimwagia maji ya moto, nikavisugua kwa mswaki mkuukuu, nikamwambia Saidi akaze, akakaza, nikamwambia kaza tena, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Pikapu ikawaka mara moja. Na mimi kichwa kikavimba.

Nikaigeukia honi, maana nayo ilikuwa imekufa siku nyingi. Saidi akasema, mama, kwenye maziko honi ya nini? Nikamjibu njia ile ina ng'ombe wa wafugaji, wanasimama katikati kama wameilipia. Nikamwelekeza alivyokuwa akifanya baba yake: waya utoke kwenye honi, upitie dirishani, ukiugusisha chuma cha mlango honi inalia, ukiuondoa inanyamaza. Akafunga, tena nikamwamuru aupige mafundo imara pale mbele usije ukachomoka. Njia nzima nikawa nawatawanya ng'ombe, nimeshika waya wangu kama mkuu wa wilaya.

Tukafika. Uwanja umejaa watu, wanaume wako na kanzu zao, jeneza limeshatolewa nje. Mimi nilikuwa na kanga mpya haijaonja maji, na ule waya ulikuwa na grisi. Nikataka kushuka nikiwa safi, nionekane nimekuja. Basi ule waya, badala ya kumpa Saidi auviringishe, nikauchomeka kwenye ule upenyo kioo kinapozamia ndani ya mlango.

Ukazama. Ukaenda kukutana na chuma huko ndani, na honi ikaanza kulia, si pa-pa, ni moja tu, ndefu, haipumui. Nikauvuta, umenasa. Saidi akazima gari, honi ikaendelea, kwa kuwa ilikuwa inakula betri moja kwa moja. Akaruka akafungua boneti achomoe betri, vichwa havitoki, nilivikazisha mimi, na spana tumeziacha Visiga. Nikamwona mwanangu, mtu mwenye mke na watoto, ameinama anautafuna waya kwa meno. Na nyie mnajua, huku kwetu gari likija linalia hivyo bila kukoma limeleta harusi. Watoto wa nyumba za jirani wakaja mbio wanauliza bibi harusi yuko wapi.

Kule mbele nikamwona mzee mmoja amesimama karibu na jeneza, midomo inacheza, watu wanaitikia kwa vichwa. Nikajua ndiyo yenyewe, wanaombwa msamaha. Nikaruka chini, mikono juu, nikapaza sauti yangu yote kwamba mimi nimemsamehe, nimemsamehe Bi Tatu. Hakuna aliyesikia neno. Walichokiona ni mama mkwe amesimama kando ya gari linalopiga honi, mikono hewani, mdomo wazi. Wakadhani napiga vigelegele.

Hamisi akaliacha jeneza la mama yake, akaja na panga la wachimba kaburi, akaukata waya. Kimya kikashuka, na katika kimya hicho wanaume wakainua jeneza wakaondoka nalo.

Mdogo wake marehemu, Bi Zuhura, akanisogelea.

"Haya mkwe, dada yangu umemsindikiza kwa shangwe. Pilau liko kwenye gari?"

"Nilikuwa nasema nimemsamehe."

"Wa kumwambia huyo, anakwenda."

Nikamtafuta Mwanaidi kwa macho. Alikuwa mlangoni, akajifunika uso kwa kanga akaingia ndani. Hamisi bado ameshika panga, hata hakufoka, angefoka ningepona. Akasema, "Mama, ingia ukae na wenzio. Mimi naenda kumzika mama yangu." Nikaingia, nikakaa mkekani, wanawake wakasogea mbali nami kidogo, kila upande.

Saidi aliwaeleza habari ya waya, wakaitikia kwa adabu. Mwanaidi anasema bado wananiulizia kwa kucheka pembeni, na yeye ndiye anayekaa akasikiliza.

Honi fundi ameshaitengeneza. Ila mimi sasa nikikorofishana na mtu, jua halizami sijamfuata kwake kwa miguu, tukamalizana angali hai. Bi Tatu alikuwa na masikio miaka yote ile, na mimi nilikuwa na pikapu.