Chumvi Iliyowekwa Chini

Mama aliweka glasi ya soda chini, kwenye zulia, mbele ya miguu ya mgeni, kisha akarudisha mkono wake haraka. Meza ilikuwa hapo hapo, ina kitambaa cheupe nilichokipiga pasi asubuhi kwa ajili ya siku hiyo. Wageni wengine wote alikuwa amewapa glasi mkononi, goti limekunjwa kidogo, kama inavyotakiwa. Huyu mmoja akamwekea chini kama anayemwekea paka.

Ilikuwa Jumamosi ya baridi kali, sebuleni kwetu Brooklyn Center, huku ughaibuni. Watu walikuwa wametoka Anoka, mji wa jirani, kuja kujitambulisha, kwa sababu kijana wao alitaka kumwoa mdogo wangu. Huyo mgeni wa glasi ya chini alikuwa baba wa kijana. Aliingia amejifunga skafu mpaka puani, akaivua alipokwisha kuketi, na wakati huo mama alikuwa bado jikoni.

Mzee wa kanisa aliyekuwa msemaji wetu akakohoa. "Mama, meza iko hapa."

"Huyu anajua sababu," mama akajibu bila kumtazama.

Na kweli alijua. Niliona uso wake ukisawijika. Hakuinama kuichukua ile glasi, akabaki anaitazama. Ndipo na mimi nikamtambua. Mvi zilikuwa zimemjaa na mwili umemwisha, lakini alikuwa yeye, kapita wa kijiji chetu wakati wa vita. Kule Anoka aliwaambia watu kwamba yeye ni mtu wa Uvira mjini, si wa kijijini, na mwanawe akamwambia mdogo wangu vivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa kuamini. Mtu wa Uvira!

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara, ziwa upande huu, milima upande ule. Nilikuwa ninasoma shule ya msingi askari wa nchi jirani walipokuja wakapiga kambi nyuma ya shule yetu. Walimtafuta mtu wa kuwa kapita wao, yaani mkuu wa kijiji anayepokea amri zao, wakampata huyu, jirani yetu, ambaye mkewe alikuwa akija kuazima kinu kwetu. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu kwenda salongo, ile kazi ya lazima isiyo na malipo, kuwapelekea askari mbuzi, na kujua nani amelala nyumbani kwa nani.

Huko milimani kulikuwa na wengine waliopigana nao. Askari waliwaita waasi. Sisi tuliwaita vijana, maana walikuwa binamu zetu na kaka zetu, na mmoja wao alikuwa amenifundisha hesabu. Mwanzoni walikuwa habari tu ya ng'ambo ya mlima. Hakuna aliyetutangazia kwamba wanasogea, lakini tuliwasoma askari. Zamani askari alikwenda mtoni kuoga peke yake, taulo begani, anaimba. Baadaye wakawa wanakwenda wawili, mmoja anaoga na mwenzake ameshika bunduki. Kisha wakaacha kwenda kabisa, wakawa wanatutuma sisi watoto tuwachotee maji. Kuni vivyo hivyo. Halafu wakaacha kununua chakula kilichopikwa, wakiogopa sumu. Eneo lao lilizidi kubanwa, mpaka likabaki kambi na kipande cha barabara.

Watu waliokaa mbali na vita hudhani kwamba waasi wakisonga mbele, raia wa pale anapumua. Mimi nilikuwepo, na hakuna aliyepumua. Kadiri askari walivyobanwa ndivyo walivyotugeukia sisi, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa karibu na hatukuwa na bunduki. Mchana mbuzi mmoja alipelekwa kambini, giza likiingia mwenzake anakwenda mlimani, na pande zote mbili ziliapa kwamba zinatupigania sisi. Sikuwapenda askari na sijawahi kuwapenda. Lakini vijana nao nina maneno yangu juu yao, na siyafichi.

Vijana hao walikuwa na dawa, maji waliyonyunyiziwa ili risasi isiwapate. Dawa hiyo ilikuwa na masharti, na sharti moja lilikuwa kwamba mpiganaji asipokee kitu kutoka mkononi mwa mwanamke. Mama aliuza chumvi na mawese sokoni. Kijana anakuja, amevaa kaptula ya shambani kama mtu yeyote, anataka chumvi. Mama anaweka pakiti chini, anarudisha mkono, kijana anainama kuichukua. Hakuna aliyeuliza wala kueleza. Mwaka wa kwanza ilikuwa mara moja moja. Walipozidi kukaribia, kila siku ya soko waliongezeka, na mkono wa mama ukazoea. Ikawa kila mwanamume mwenye umri wa kubeba bunduki anawekewa chumvi chini. Hata baba akiomba chumvi wakati wa kula, mama aliiweka mkekani, na baba alicheka. "Mimi sina dawa," alimwambia. "Nipe mkononi, mke wangu."

Mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza. Siku moja ya soko kapita alikuja kusimama karibu na mama, anamweleza habari za salongo ya wiki ile. Kijana mmoja akaja kununua. Mama hakufikiri, akaweka pakiti chini. Kijana akainama, akaichukua, akaenda zake. Kapita aliona yote hayo, akaendelea na habari zake za salongo kama kawaida.

Soko lililofuata halikutukuta tukiwa na baba. Askari walikuja nyumbani, na mkubwa wao alimuuliza mama swali moja tu, kupitia mkalimani: hiyo chumvi unamwekea nani chini? Kisha wakamchukua baba, kwa hoja kwamba mwanamke hawezi kuwauzia waasi bila mumewe kumtuma. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Baba hakurudi. Sisi tukakimbilia Tanzania, kambini, na muda si mrefu tukasikia kwamba vijana wameingia kijijini na kupokelewa kwa nyimbo na matawi. Mama aliipata habari hiyo akiwa kwenye foleni ya unga. Akanisogeza mbele tusipoteze nafasi yetu.

Sasa mtu huyo alikuwa ameketi kwenye kochi letu.

Mwanawe, aliyeketi kando yake, alimuuliza kwa Kiingereza kuna nini. Mdogo wangu naye, kwa Kiingereza, akamwomba mama asimwaibishe. Mama akasimulia akiwa amesimama, sinia mikononi, kwa sauti ile ile anayotumia kutoa matangazo ya akina mama kanisani. Alipomaliza akamgeukia kwa Kiswahili cha kijijini kwetu.

"Kapita, kama ninasema uongo, sema hapa mbele ya batu."

Kapita aliikunja skafu yake magotini. "Mama, ile wakati ilikuwa mubaya," akasema, kwa Kiswahili kile kile ambacho askari ni basoda. "Basoda balikuwa banapoteza vita, bakawa kama bazimu. Kila mara banakuja kwangu: leta jina, leta jina. Na mutoto wangu wa kwanza alikuwaka kule mulimani pamoja na bale vijana. Kama bangejua, tungekufa bote, na huyu hapa ndani." Akamwonyesha kijana wake, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa kunyonya.

"Basi ukabapa wa kwangu," mama akasema.

"Nikabapa wa kwako."

Nilisimama nikamwambia atoke. Nilimwambia na mengine pia, ambayo siwezi kuyaandika, na nilitaka majirani wa juu na wa chini wote wayasikie. Mdogo wangu alikuwa analia, akirudia jambo moja kwa Kiingereza, kwamba yule kijana alikuwa mtoto mchanga, ana kosa gani? Na hapo ndipo paliponiuma, kwa sababu kijana hakuwa na kosa. Alikuwa na adabu. Majira yote ya baridi alikuwa akija kuondoa theluji kwenye gari la mama bila kuombwa, na alimpeleka kliniki kila mimi nilipokuwa kazini. Siku ile nilimchukia kwa wema wake.

Mama akainua mkono, nikanyamaza.

"Ng'ombe sitaki, na blanketi sitaki," akamwambia kapita. "Ninataka kujua mulimuzika wapi. Unionyeshe kwa macho yangu. Ukinionyesha, mutoto nitakupa."

Wiki ile nzima sikusema na mama. Ninafanya kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee kule Saint Paul, na wenzangu walijua kutoka asubuhi ya kwanza kwamba wanipishe. Niliona mama amemuuza mtoto kwa habari ya kaburi. Yeye alichambua mboga zake jikoni kama vile hakuna kitu, na siku moja, bila kuniangalia, akasema, "Dada yako hakumuonaka baba yake hata siku moja. Ye anapata bwana, mimi ninapata pahali ya kulilia. Weye unataka nini?" Nilivaa koti nikaenda kazini kabla ya saa yangu. Mdogo wangu alizunguka nyumbani akiwa mwepesi, ananikumbatia kwa nyuma ninapoosha vyombo. "Yaya, please," ananiambia, na yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Alikwisha kuchagua kitenge.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, kapita alikuja peke yake. Kule kwetu ilikuwa mchana. Aliketi pale pale kwenye kochi, akapiga simu ya video, na mtu mzima mmoja akatokea, mpwa wake, anatembea huku ameshika simu mbele. Alikuwa ameambiwa tu aende nyuma ya shule. Tuliona barabara yetu. Tuliona shule, ina mabati mapya. Picha ikakwama, ikaendelea, ikakwama tena. Mama alikuwa amevaa nguo zake za kanisani na ameshika leso tayari.

"Hapo," kapita akasema. "Kwa ule muti ya avoka. Chini yake, upande wa mulima. Mimi ndiye nilipelekaka batu ya kuchimba. Tulimuzika na nguo zake zote, mama. Hiyo nilisimamia mwenyewe."

Mama akaipokea simu kwa mikono miwili. Chini ya mparachichi ule, na kuuzunguka, mpaka mwisho wa picha, palikuwa na maharage. Yalikuwa yamestawi, majani mapana, mistari imenyooka, hakuna gugu hata moja. Mama aliisogeza simu karibu na macho. Machozi yalimtoka lakini sauti yake haikubadilika.

"Jambo, mwanangu," alimsalimu yule mpwa.

"Jambo sana, mama."

"Mumelima muzuri. Shamba ni ya nani?"

Kapita akanyoosha mkono kuitaka simu. Mama akaisogeza mbali naye.

"Ni yetu, mama," mpwa akajibu kwa furaha, mtu aliyesifiwa kazi yake. "Ni ya mujomba mwenyewe. Basoda ndio balimupatia, wakati wa ile vita, na hati iko. Tunalimaka hapa kila mwaka. Udongo ya hapa iko muzuri kupita yote."

Mama alimshukuru, akamwambia Mungu ambariki, akakata simu. Akaiweka mapajani mwake, uso wa kioo chini.

"Kumbe balikulipa," akasema.

Nilimgeukia kapita nikiwa na maneno yangu tayari, wiki nzima nilikuwa nayo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua goti lake. Alianza kusema jambo kuhusu watoto, kwamba watoto wangekula nini, na kwamba asingeweza kukataa zawadi ya basoda akabaki hai. Hakumaliza. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni katika gauni lake la kwaya, na sote tulikuwa tumesahau kwamba yupo. Yeye hutujibu kwa Kiingereza tangu tulipofika nchi hii, lakini kila neno la Kiswahili analielewa.

Hakulia. Alipita mbele yetu, akaenda mpaka mlango wa mbele, akaufungua wote, akabaki ameushika. Baridi ikaingia sebuleni pamoja na theluji nyepesi ya barazani. Mama hakumwambia aufunge.

Kapita alikuwa amevua mlangoni buti ndefu za theluji, zile za kamba nyingi. Ilibidi azivae tena na kupiga magoti hapo mlangoni kuzifunga, tundu baada ya tundu. Mdogo wangu alimngoja, miguu mitupu kwenye ule upepo, mpaka kamba ya mwisho.