Shikamoo Saa ya Kupima Presha

Wivu wangu una siku na saa yake. Ulianza Jumatatu ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye benchi la kliniki ya presha huko Mikumi. Dakika nazijua kwa sababu nilikuwa naikodolea macho saa ya ukutani ili nisitazamane na nesi.

Tulikuwa wanne: bibi, baba, mimi na dada. Huyu dada ni mtoto wa baba mkubwa wa Mikumi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko tu anasubiri matokeo, na asubuhi ile alikuja kutupokea stendi amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

Bibi alipata kiharusi msimu wa kuvuna ufuta, yuko shambani Chanzuru. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande. Mdomo ulirudi karibu wote, mkono bado. Tangu siku ile mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja kwetu Mabwerebwere, Kilosa. Mimi ndiye ninayemchemshia maji ya kuoga, ninayemfunga kanga, ninayejua kwamba chai akipewa upande wa mkono uliolegea anamwaga makusudi. Alikuwa ananiita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, lakini mimi nilikuwa nalichukua lile jina kama cheo.

Nesi alitueleza kwamba kuna utafiti. Watu waliowahi kupata kiharusi wanagawanywa makundi mawili. Kundi moja linapimwa presha kliniki tu, kama zamani. Lingine linapewa mashine ya kupimia nyumbani asubuhi na jioni, namba zinaandikwa kwenye daftari, zinasomwa kwa simu kila wiki, na daktari anaongeza au kupunguza dawa hukohuko kwenye simu. Wanataka kujua ni njia ipi inayozuia zaidi kiharusi kisirudi mara ya pili. Baba aliuliza kama anaweza kuchagua kundi, nesi akasema hapana, inachagua kompyuta, wala yeye mwenyewe hawezi kuipendelea sura ya mtu. Bibi akaweka dole gumba kwenye fomu. Kompyuta ikampa mashine.

Kisha nesi akauliza, “Msaidizi wa nyumbani ni nani?”

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeliandaa jibu tangu tunapita Kisanga kwenye gari. Lakini mimi nikiwa mbele ya watu sauti inakwama hapa kooni. Bibi alinitazama, akangoja kidogo, halafu akainua mkono wake mzima na kumwonyesha dada.

“Huyu,” alisema. “Yule mwingine hana sauti. Simu ikilia atajificha uvunguni.”

Walicheka wote, hata baba. Dada akasema, “Bibi, mimi nipo, usijali.” Akapewa mashine kwenye mkoba wa bluu, daftari lenye jalada gumu na fulana nyeupe. Akaja nasi Kilosa siku hiyohiyo, likizo yake yote ikawa kwetu. Njia nzima mkoba ule ulikaa mapajani mwake, na mimi nikabeba ndoo ya nyanya za mama.

Nitasema ukweli, maana daftari hili ni langu: sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dada wiki zile. Nilimchukia kwa fulana. Nilimchukia kwa jinsi alivyomwambia mama, “Mama mdogo, chumvi hiyo ni nyingi,” na mama akapunguza, wakati mimi nilishasema chumvi ni nyingi tangu mwezi wa nane. Siku ya nne bibi akamwita, “Mke mwenzangu, niletee miwani.” Niligeuka kabisa nikidhani naitwa mimi.

Kazi ya kumwogesha na ya choo ilibaki yangu. Dada alikuwa anapima.

Alimpimia barazani. Baraza letu linatazama njia wanayopita watu wa kwenda sokoni na mashine ya kusaga, na kuanzia saa moja asubuhi njia haikauki. Mimi nilisema moyoni, amechagua pale ili aonekane. Na alionekana. Watoto walisimama kutazama mkanda unavyojaa upepo mkononi mwa bibi, na wanawake walimwita dada “daktari.”

Masharti nesi alituambia sote, na mimi nilikuwa nimeyaandika. Mgonjwa akae dakika tano ametulia. Mgongo uegemee, miguu ikanyage chini. Asiongee kabla wala wakati wa kupimwa, maana kuongea kunapandisha namba.

Miguu ilikanyaga chini. Mgongo uliegemea. Lakini kwetu nani atapita mbele ya bibi asiseme shikamoo? Na bibi gani atanyamaza? Mkanda unabana, mtu anapita na debe la mahindi, “Shikamoo bibi,” na bibi, “Marahaba, marahaba mwanangu, hujambo? Mama ameamkaje? Ule mguu wake?” Bado hajajibiwa, mwingine huyo. Mkubwa mwenzake akipita wanasalimiana kwa Kisagara, na hiyo ndiyo ndefu zaidi. Dada alikuwa anatabasamu na kungoja mashine ilie. Kisha anaandika: mia moja hamsini na nane. Mia moja sitini na mbili. Kwa mwandiko mzuri sana.

Mimi niliona tangu siku ya pili. Mtu asiyeongea anaona vitu.

Wiki ya pili, jioni moja, dada alikwenda dukani kununua vocha. Nilichukua mkoba wa bluu, nikampima bibi chumbani, mlango umefungwa. Alikuwa amechoka, hakusema neno. Mia moja thelathini na nane. Nikadhani nimekosea, nikangoja, nikarudia: mia moja thelathini na sita. Nesi alisema tunataka namba ya juu iwe chini ya mia moja na arobaini. Maana yake bibi alikuwa mzima wa presha, na daftari lilikuwa linasema mgonjwa.

Nilipima kwa siri siku tatu. Namba zangu niliziandika humu, kwenye shajara, na chini yake nikaandika maneno ambayo ningeweza kuyafuta leo lakini siyafuti: “Simwambii. Aendelee kujidai. Nesi akigundua atamnyang'anya mashine mbele za watu, na safari hii bibi atanionyesha mimi.”

Sikufikiria kwamba namba zina kazi. Nilifikiria aibu ya dada tu.

Jumamosi nesi akapiga simu. Dada aliweka sauti kubwa tusikie sote, akasoma namba moja baada ya nyingine, bila kigugumizi. Nesi akasema daktari ataziangalia. Baada ya saa moja simu ikarudi: presha ya bibi bado iko juu, kile kidonge cha asubuhi sasa viwe viwili. Mama akasema alhamdulillahi, kumbe tungekuwa hatujui. Dada akaandika maelekezo kwenye daftari na kuyapigia mstari kwa rula. Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Maneno yalikuwepo, mepesi kabisa, bibi anaongea wakati wa kupimwa. Nikatoa kijiwe kwenye mchele, nikakitupa, nikanyamaza.

Siku ya nne ya vidonge viwili, saa mbili asubuhi, bibi alitoka kuoga. Mimi nilikuwa nimemshika kiwiko. Kwenye kizingiti akasimama, akasema, “Giza,” na uzito wake wote ukaja juu yangu. Tulishuka wote wawili taratibu mpaka chini. Hakujigonga. Lakini macho yalikuwa yametazama pengine.

Nikapiga kelele. Mimi. Mama alisema baadaye alidhani ni mtoto wa jirani, kwa kuwa hakuifahamu sauti.

Walikuja mbio. Dada alikumbuka yale aliyofundishwa ya kutambua kiharusi, akapiga magoti, akamwambia bibi atabasamu, ainue mikono, ataje jina la mji. Mdomo ulikaa kama ulivyokuwa jana, mkono mzima uliinuka, na bibi akasema Kilosa, tena kwa hasira, akauliza kwani tunadhani yuko wapi. Akafungiwa mkanda palepale chini, watu wote kimya kwa woga. Mia moja na mbili.

Dada aliitazama ile namba. “Imeshukaje hivi? Mimi nimempa kama walivyosema. Nimempa kama walivyosema jamani.” Alikuwa analia hadi kamasi. Baba akampigia nesi, akamwekea dada simu sikioni, lakini dada hakuweza kutoa neno.

Nilikwenda chumbani nikaleta shajara. Nilitaka kumsomea namba tu. Lakini sauti ilikuwa imeshaisha kwa ule ukelele, na dada akaliona daftari limefunguliwa, akalichukua mkononi mwangu. Hakuna namna ya kuona zile namba bila kuona maneno yaliyo chini yake. Nilimtazama akisoma. Alizisoma kwa nesi, siku na saa, akipangusa pua na fulana ile nyeupe, na macho yake yakaenda chini, yakasimama, yakarudi juu, akaendelea kusoma. Nesi akauliza bibi alikuwa amekaa wapi, na nani alikuwa anaongea. Dada akajibu yote. Hakusema nani alijua na kunyamaza.

Nesi alisema bibi alazwe miguu juu, apewe maji, halafu apelekwe hospitali hapohapo aangaliwe, yeye ataongea na daktari. Akasema na jambo jingine, ambalo dada alilirudia kwa sauti ili alikumbuke: tusifute namba hata moja. Zile za barazani tuzipige mstari mmoja unaosomeka, pembeni tuandike ukweli, kwamba mgonjwa alikuwa anaitikia salamu.

Baba na mama walimpeleka bibi kwa bajaji. Tukabaki wawili uani.

“Umeniandika kweli,” dada alisema.

Nikasema nisamehe.

“Ungeniambia siku ile ya kwanza. Mimi ningejuaje? Kwetu bibi wa upande wa mama hajawahi kuamkiwa akanyamaza.” Akanirudishia shajara. “Na mimi nakuonea wivu, ujue. Usiku akitaka maji anaita jina lako.”

Nilikwenda kuleta rula na daftari la vipimo. Tuliandika pamoja. Yeye alipiga mistari kwa rula, mimi nikaandika pembeni, mara thelathini hivi, mgonjwa alikuwa anaitikia salamu, mgonjwa alikuwa anaitikia salamu, mpaka mkono ukauma. Hapo nilifurahi kidogo, nakiri, kwamba mwandiko wangu umeingia kwenye daftari lile, hata kama ni pembeni.

Walirudi alasiri. Kichwa cha bibi kilikuwa kimetulia, na dawa imerudishwa kidonge kimoja. Baba akamwambia kuanzia kesho atapimwa chumbani, mlango umefungwa. Bibi alikataa.

“Nikifungiwa ndani asubuhi, watu watasema kimenirudia. Kabla ya adhuhuri watakuja na mikeka.”

“Basi kaa barazani usiitikie,” baba akasema.

“Mtoto wa watu aniamkie nimnyamazie? Nimemkosea nini, au kanikosea nini?”

Baba alishika kiuno. Dada alinitazama mimi, sijui kwa nini. Bibi naye akanitazama. Labda mama alikuwa ameshamwambia nani alipiga ule ukelele. Nilisema, kwa sauti ndogo lakini ilisikika, kwamba nitawazuia njiani.

“Wewe?” bibi akauliza. Hakucheka.

Asubuhi iliyofuata niliamka, nikamwogesha, nikamfunga kanga, nikamkalisha barazani mgongo kwenye ukuta. Dada alifungua mkoba wa bluu. Mimi nikatoka mpaka kwenye njia, kabla ya kona ya ua wa minyaa ambapo baraza linaanza kuonekana, nikasimama. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye ndoo ya mahindi. Nilimwamkia. Akaitika, akataka kupita.

“Bibi anapimwa presha,” nikasema. “Haruhusiwi kuongea. Shikamoo yake nipe mimi, nitamfikishia.”

Alinishangaa. “Kumbe una mdomo?” Akaishusha ndoo. “Haya, mpe yangu. Mwambie na ule mguu wa mama unaendelea vizuri.”

Nyuma yake walifika wengine, wakasimama naye wakisubiri, wananong'ona kama watu waliokuta swala. Mmoja akasema leo njia hii ina geti. Nilizihesabu shikamoo kwenye vidole: sita, na mbili zilikuja na maneno. Mashine ililia. Dada akainua daftari juu, akaniashiria kwa kichwa kwamba imekuwa nzuri.

Niliwaruhusu wapite, kisha nikaenda barazani nikampa bibi salamu zake, moja moja, kwa majina. Aliitikia zote sita, marahaba, marahaba, na kwa ule mguu akauliza maswali matatu ambayo sikuwa na majibu yake. Dada alikuwa anaandika namba. Nilisogea nyuma ya bega lake nikahakikisha ameiandika sawasawa.