Hoho Yenye Uzi wa Pamba

Juzi nilipita Somanda na mwanangu, nyumbani kwa marehemu bibi aliyenilea, nikakuta bustani yake ya hoho imemwagiwa zege. Mjomba kajenga vyumba vya kupangisha. Sawa, nyumba ni yake. Nikamuuliza chupa ya mbegu za bibi iko wapi.

"Nilitupa. Mbegu zimejaa madukani, mayu," akasema, ananiita mama kwa Kisukuma, tena anacheka.

Nilimshika mwanangu mkono nikaondoka. Chai yake sikuinywa.

Laiti ungeiona bustani ile. Ilikuwa nyuma ya jiko, imezungushiwa miiba mbuzi wasiingie. Kazi yangu ilikuwa maji. Tuliyooshea mchele, tuliyonawia mikono, yote niliyapeleka kwenye hoho kwa kopo, shina kwa shina, taratibu nisifukue mizizi. Jioni bibi alikatia hoho kwenye dagaa, na harufu yake ilinitoa mchezoni bila kuitwa.

Tulikula za kijani tu. Kila msimu bibi alichagua moja iliyonona, akaifunga uzi wa pamba kwenye kikonyo. Hiyo haiguswi. Inaachwa mpaka iwe nyekundu, kisha inakaushwa nzima juu ya jiko, iwe mbegu ya mwaka unaofuata.

Mwaka mmoja jua lilikausha mashina yote, likabaki moja, lile lenye uzi. Bibi alikuwa shambani anapalilia pamba. Jirani yetu, nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akaja kuomba hoho, ana wageni. Niliona aibu kumrudisha mikono mitupu. Nikachuma ile nyekundu. Na uzi nikaufungua, ionekane safi!

Bibi aliporudi aliliangalia shina, akaniangalia mimi. Hakunipiga. Alinishika mkono mpaka kwa nesi.

"Mwadila, mayu," bibi akamsalimia Kisukuma. "Ile hoho mmeshaila?"

"Tumeila, bibi. Tamu kama tunda! Kumbe huwa mnatuficha?"

"Na mbegu zake umetupa wapi?"

Tulipiga magoti jalalani, bibi na mimi, baadaye na nesi mwenyewe na khanga yake nzuri, tunapekua majivu na maganda ya vitunguu. Tuliokota mbegu moja moja mpaka kiganja changu kikajaa. Njiani bibi alisema neno moja tu: "Siku nyingine mgeni mpe michembe." Viazi hivyo vikavu vilikuwepo gunia zima.

Ziliota. Uzao wake ndio uliokuwa kwenye chupa aliyoitupa mjomba.

Za dukani nimezipanda. Mara ya kwanza zinazaa vizuri, ukipanda tena mbegu zake unapata vitu kama vidole vya mtoto. Basi kila mwaka unarudi dukani.

Tulipofika stendi hasira zilikuwa zimeshuka kidogo, nikamsimulia mwanangu. Akaniuliza, "Mama, kwani ile nyekundu ilikuwa tamu sana?"

Nilizimwagilia utoto wangu wote. Nyekundu sikuwahi kuonja hata moja.