Wembe wa Tata Ndani ya Jani la Mgomba

Fya, fya. Kimya kidogo. Fya, fya. Sauti hiyo ninaisikia mpaka leo nikifumba macho siku ya Jumamosi: wembe wa Tata ukipita juu ya mkanda wa ngozi uliopigiliwa kwenye mwimo wa mlango, ukienda na kurudi, huku maji yakianza kuimba jikoni. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba ya Muleba ina sauti hiyo, kama kila nyumba ilivyo na jogoo.

Tata ni baba. Sisi Wahaya ndivyo tunavyomwita. Alikuwa kinyozi Bilele, Bukoba mjini, kabla mimi sijazaliwa, enzi ambazo ndevu zilinyolewa kwa wembe wa kukunja, ule wenye chuma kirefu kinachojificha ndani ya mpini wake. Baadaye watu waliogopa magonjwa, wakataka mashine na nyembe za kutupa. Tata akafunga kibanda, akarudi kijijini kwenye migomba na kahawa yake. Wembe alirudi nao, na tangu hapo haukugusa shingo ya mtu mwingine. Jumamosi alijinyoa, Jumapili alikwenda kanisani kidevu kikiwa laini kama kikombe. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa mawazo yake, mtu mwenye ndevu za wiki hana ruhusa ya kusogelea meza ya Bwana.

Kiharusi kilimkuta akichuma kahawa. Mkono wa kulia ukafa, na nusu ya uso upande huohuo ikalegea, mdomo ukavutwa chini kama mtu anayetaka kulia na kughairi. Mama alikuwa ameshafariki. Nyumbani nilikuwapo mimi, niliyeishia kidato cha pili, na shangazi aliyekaa nyumba ya jirani. Basi mimi ndiye nikawa kinyozi, kinyozi wa mteja mmoja.

Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikuwa na ndoto ya kufungua saluni Bukoba, yenye vioo viwili vikubwa na kiti kinachozunguka. Rangi ya ukuta nilishaichagua. Nikiwa namnyoa Tata nilijiona niko huko, naimba, na yeye ananitazama kwa jicho moja kama mkaguzi.

Kunyoa nilikushika upesi. Kilichonisumbua ni kazi ya baadaye. Kwa Tata, uso ukishasafishwa ndipo kazi inaanza. Wembe usuuzwe kwa maji safi. Ufutwe kwa kitambaa cha pamba, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, usiufute kwa kufuata makali hata siku moja. Uachwe wazi dirishani mpaka unyevu wote uondoke, kisha upakwe tone la mafuta ya nyonyo, ndipo ukunjwe.

"Umekauka?" ananiuliza, maneno yakimtoka kwa shida, mate yakitangulia.

"Umekauka, Tata."

"Umeuliza nani?"

"Nimeuangalia."

"Haukauki kwa macho. Weka shavuni."

Naweka ubapa wake shavuni kwangu. Una ubaridi wa unyevu bado. Anacheka kwa ile nusu ya mdomo, na mimi naurudisha dirishani.

Jumamosi moja ya masika mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kila kitambaa ndani ya nyumba kilikuwa kimelowa, mafuta ya nyonyo yalikuwa yamekwisha, na dirishani maji yalikuwa yanarukia ndani. Nilisimama na ule wembe mkononi nikifikiri. Nikafikiri kama mtoto wa kwetu. Kwetu kitu cha heshima hufungwa kwenye jani la mgomba. Ndizi zinapikwa zimefunikwa kwa jani, samaki anafungwa kwenye jani, mgeni anatandikiwa jani. Jani ndilo sahani, ndilo kitambaa, ndilo usafi wenyewe. Nikakata jani changa, nikalibabua motoni mpaka likawa laini kama hariri, nikaufunga wembe vizuri, nikaufunga tena kwa kamba ya mgomba. Hata nilijisifu. Nikauweka juu ya kabati.

Jumamosi iliyofuata nilifungua kile kifurushi nikaona mstari mweusi umepita karibu na makali, na ndani ya ule weusi kuna vishimo vidogo vidogo, kama chuma kimeng'atwa na siafu. Nilisugua kwa majivu. Weusi ulipungua, vishimo vikabaki. Tata aliniita kutoka kitandani, maji yanapoa. Ningesema hapohapo mambo yangekuwa mengine. Sikusema. Nilipitisha wembe kwenye mkanda nikaenda kumnyoa.

Nilianza na upande mzima, upole kabisa, wala hakushtuka. Nikahamia upande uliolegea, na pale karibu na taya wembe ukakwama, ukaruka. Damu ikatoka. Tata hakujua. Hilo ndilo lililoniumiza: alikuwa ananitazama kwa jicho lake jema, ametulia, na damu inamshuka shingoni kwenye upande ambao hauna habari. Nikabana kwa taulo, nikaanza kuimba kwa sauti kubwa. Alitupa jicho kwenye taulo.

"Lete," alisema.

Nikadhani anataka taulo. Alitaka wembe. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali, polepole, akawa anasimama kwenye kila kishimo.

"Uliufunga na nini?"

"Jani, Tata."

"Kisu cha kumenyea ndizi kina rangi gani?"

"Cheusi."

"Kwa sababu gani?"

"Utomvu."

"Na jani halina utomvu?"

Nimemenya ndizi tangu nina miaka mitano, na kila siku nimeona kisu kikiwa cheusi. Tata aliukunja wembe mwenyewe kwa kuubana kifuani, akauweka chini ya mto.

"Basi," akasema. "Nisinyolewe."

Ndevu zikaota, nyeupe, upande mmoja zikionekana nyingi kuliko mwingine. Jumapili ya kwanza wenzake wa kanisa walikuja kumletea ushirika nyumbani. Aligeukia ukutani, akaniambia niwaambie amelala. Walimwona kabisa kupitia mlangoni kwamba hajalala. Jumapili ya pili hivyohivyo. Ya tatu hawakuja. Majirani wakiingia anajifunika blanketi mpaka puani.

Shangazi alijaribu kwa utani wake.

"Kaka, umekuwa beberu. Nikuletee majani?"

Kimya.

"Mtoto kakosea, amekiri. Unataka afe?"

Tata akavuta blanketi. Siku nyingine shangazi alikuja na kiwembe cha plastiki kutoka dukani, cha rangi ya njano. Tata alikitazama, akakichukua kwa vidole viwili, akakizamisha kwenye kikombe cha uji. Shangazi na mimi tulicheka hadi tukashika ukuta. Yeye hakucheka. Na uji hakuunywa, wala wa kesho yake hakuumaliza. Hapo nikaelewa kwamba mtu huyu anajifungia mlango kwa ndani, na ufunguo niliuharibu mimi.

Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Tata, waitu, tafadhali, nipe wembe niupeleke Bukoba. Kuna fundi anayenoa mikasi pale karibu na soko. Ataurudisha."

Mkono wake wa kushoto ukaingia chini ya mto.

"Nenda," alisema. "Ukirudi tutaona."

Fundi aliugeuzageuza juani. "Huu ni wembe au panga la kufyekea kibanja?" Kisha akaona sura yangu, akalainika. "Acha siku mbili, dada. Wembe hauvumilii haraka. Nitakula chuma mpaka nivipite hivyo vishimo. Utarudi mwembamba, lakini utanyoa."

Nililala kwa rafiki yangu, huko Bilele. Mchana nilizunguka mjini, nikasimama nje ya saluni moja nikitazama wasichana wakisuka. Mmoja aliniita ndani, akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka. Nilizunguka. Naandika hili kwa aibu: zile siku mbili nilikuwa na furaha.

Wembe ulitoka mwembamba kweli, lakini unang'aa, na unakata unywele ulioshikwa hewani. Nilinunua chupa ya mafuta ya nyonyo na kipande cha pamba kipya. Gari lilikuwa maeneo ya Kanazi simu ilipoita. Shangazi.

"Uko wapi?"

"Niko njiani. Mwambie Tata nakuja nao, umekuwa kama mpya."

Nikasikia watu wengi nyuma yake, na mtu mmoja akitoa amri ya kusogeza viti. Nikaelewa kwa sababu ya viti.

Nilipofika, wanaume walikuwa wamemaliza kumwosha na kumvika suti ya kanisani. Baba mdogo alinishika bega. "Usijali, mwanangu. Tumemnyoa pia. Tumepata kiwembe dukani. Kapendeza."

Kilikuwa cha plastiki. Sikuuliza rangi. Nikasema asante, maana alikuwa amelia na macho yake yamevimba, na alifanya alivyoweza.

Waliniruhusu kukaa naye kidogo kabla watu hawajaingia kuaga. Wembe ulikuwa kwenye mkoba, ndani ya pamba, nami sikuutoa. Chini ya taya walikuwa wameruka sehemu, ndevu tano sita zimebaki. Jeraha nililomtia lilikuwa limepona vizuri. Nilimkagua kama alivyonikagua, upande mzima, halafu upande ule mwingine, na ndani ya sikio la kulia, ambako asingehisi hata angekuwa hai, nikaona povu la sabuni limekauka, jeupe, kama unga. Nililowesha ncha ya kitenge changu kwa mate, nikaizungusha mle ndani taratibu mpaka lote likatoka.