Saa ya Shemeji Ilivyoniumbua Ishiara

Jamani, kosa ni langu. Shetani msimsingizie, siku hiyo alikuwa amekaa kando akinicheka.

Mimi nauza ndizi Mitunguu. Mume wa dada yangu, Mwenda, hufanya kazi melini. Alipokuja likizo aliniachia saa yake niipeleke kwa fundi Makutano, afupishe mkanda. Saa yenyewe! Uso wa buluu, nanga imechorwa, vijisaa vitatu ndani ya saa moja, na vifungo vya kupimia mbio ubavuni. Mabaharia wenzake walimpa baada ya kumwokoa mmoja wao aliyeanguka baharini.

Fundi alimaliza Ijumaa. Jumamosi nilikuwa naenda Ishiara kwa wazazi wa Wanja, mchumba wangu, kujulishwa. Mkono ukaniwasha. Nikaivaa!

Huko niliweka mkono mezani kama aliyevunjika. Baba yake Wanja akauliza, "Saa kubwa hivyo ni ya nini, kijana?"

"Ya kazi, mzee. Huwa napiga mbizi Mombasa."

Mbizi! Mimi, ambaye nikivuka mfereji wa shamba nashikiliwa mkono!

"Kwani haiingii maji?"

Maji ya kunawa yalikuwa hapo kwenye karai. Nikabonyeza vifungo vyote kwa madaha, nikazungusha kile cha katikati mpaka kikalegea, nikaitumbukiza. Kuitoa, kioo kina ukungu ndani na mishale imesimama.

Mzee akaichukua, akavaa miwani, akaigeuza. Kumbe nyuma imeandikwa! Akasoma polepole: "Kwa Mwenda, aliyemtoa ndugu yetu majini." Akaniangalia. "Mwenda ni wewe?"

Na mimi mjinga nikajibu, "Ndiyo, mzee. Ni jina la utani."

Wanja akaweka sahani chini. "Mwenda si ni bwana ya dada yako?"

Woi!

Mzee hakunifukuza. "Kula kwanza," alisema. "Ukimaliza, uende. Siku ukirudi, ukuje kama wewe."

Niliirudisha kwa fundi, akaifungua, akatikisa kichwa: haitengenezeki. Nilimrudishia Mwenda huku nikilia. Hakunigombeza. Aliifuta kwa shati, akasema, "Si ungeniomba tu? Ningekupa uende nayo."

Hayo maneno yaliniuma kuliko kofi! Amerudi kazini bila saa. Wanja naye hashiki simu zangu.

Wewe unayesoma hapa ukiwa umevaa cha wenyewe, vua, kirudishe kingali kizima. Ukweni nenda bila saa kabisa. Sijasikia mtu aliyenyimwa mke kwa sababu hakujua ni saa ngapi.