Ndama wa Nadhiri Katika Zizi la Wanis

Nyati wa maziwa wa Wanis Habashi amekufa. Alikuwa mmoja tu, tena mwenye mimba. Ndama aliyemletea ugonjwa bado yumo zizini, ananenepa, na si wa Wanis.

Saa kumi na moja alfajiri, Wanis, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, yuko shambani kijijini Naga Matta, kusini mwa Misri. Anakata mahindi mabichi ya mifugo. Anafunga mzigo, anaubeba kichwani hadi nyumbani, anammwagia ndama. Ndama anakula bila kuinua kichwa.

"Kula, bwana mkubwa," anamwambia. "Nyumba ni yako, sisi wapangaji."

Ndama huyo ni wa Mar Girgis, mtakatifu wa Wakristo anayechorwa juu ya farasi. Mjane Fayza Tadros alimweka nadhiri mwaka jana, mwanawe alipokwama Libya. Kijana alirudi mzima. Fayza hana zizi, hivyo alimkabidhi Wanis amlee hadi sikukuu ya Novemba, achinjwe kwenye monasteri na maskini wapate nyama.

Kazi hiyo Wanis ameifanya tangu ujana wake. Malipo yake ni samadi. Mkate wa nyumbani ulitoka kwa nyati: lita nane za maziwa kwa siku, ambazo mkewe, Nargis, aliuza mlango kwa mlango.

Ndama wa nadhiri hafungwi. Ana alama sikioni, na kila mtu anamjua. Akiingia shamba la Mkristo au la Mwislamu, anaachwa ale. Kumpiga fimbo ni kujitafutia balaa.

Septemba ulikuja ugonjwa wa miguu na midomo. Daktari wa mifugo alipofika kwa Wanis alikuwa amebakiwa na dozi moja ya chanjo.

"Nyati au ndama?" aliuliza.

"Ndama."

"Mzee, una akili timamu? Nyati ana mimba!"

"Nyati ni wangu. Akifa nitalia mwenyewe. Huyu nimepewa nimtunze."

Daktari alicheka. "Mar Girgis ana farasi, Mzee Wanis. Ndama akifa, hutamsikia akilalamika kwamba atatembea kwa miguu."

"Mchanje, daktari. Farasi wake hakuhusu."

Baada ya hapo Wanis alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alimfunga ndama kamba, asizurure kwenye vijiji vyenye ugonjwa. Majirani walinung'unika. Wiki tatu baadaye, Wanis akiwa sokoni, Fayza alipita akaiona kamba ile.

"Damu ilinichemka," anasema Fayza, akijifuta macho kwa ncha ya shela. "Nikasema, Yesu wangu, mali ya mtakatifu imefungwa kama mwizi wa kuku! Nikaikata."

Ndama alikwenda moja kwa moja hadi kijiji cha jirani, ambako ng'ombe walikuwa wanatoka udenda. Hakuna aliyemfukuza. Alikula kwenye vihori vyao, akarudi jioni. Yeye chanjo ilimkinga. Wiki haikuisha, nyati akaanza kutoka udenda, kwato zikabanduka, akaanguka.

"Nilimwambia mume wangu, Baba Karas, nenda kamtukane huyo mama hadi paa liruke," anasema Nargis. "Akakaa kama gunia. Nikaenda mwenyewe."

Fayza hakubisha. Alikuja na shela yake ya machozi, kama Nargis anavyosema, akasimama mlangoni.

"Kaka Wanis, mchukue ndama awe wako. Mar Girgis ataelewa."

"Yeye ataelewa," Wanis alijibu. "Mimi ndiye sitaelewa. Dada, ulishamtoa. Huna tena cha kunipa."

"Basi na binti yako anayeolewa Januari, harusi tutailipia nini?" Nargis aliingilia. "Naye umemweka nadhiri?"

"Mama Karas, ungetaka ale harusi kwa nyama ya maskini?"

Kesho yake Nargis alianza kumchotea ndama maji yeye mwenyewe.

Jumapili ya sikukuu, Wanis anavaa kanzu iliyopigwa pasi na kumwongoza ndama hadi lango la monasteri. Wanawake wanapiga vigelegele. Padri anampapasa ndama mgongo, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nani kamlea huyu?"

"Mimi," anasema Wanis, kifua mbele. "Mtazame vizuri, Abuna. Hana hata mkwaruzo."

Mpango wake sasa ni kumlea mtamba wa jirani kwa makubaliano ya kugawana wazao. Ana mikono, anasema, na zizi lipo.

Gharama ya kumlea ndama wa nadhiri ni hii: nyati mmoja. Ndama aliyekuwa tumboni. Maziwa lita nane kila siku, mpaka mtamba wa watu azae, azae tena. Na harusi ya binti yake, iliyokuwa ifanyike Januari, imesogezwa hadi baada ya Pasaka ya mwaka wa pili.