Injini Isiyozimwa na Mama Mkwe wa Kiyeyi

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na mmoja, vita vilipita na baba hakurudi. Nilikuwa darasa la tatu. Sikwenda la nne. Nasema mapema ili mtu asitafute shule katika maandishi haya. Nilivuka mpaka kwenda Busia ya upande wa Kenya, nikaziba pancha za baiskeli chini ya bati la mtu mwingine, kisha nikabeba watu kwa baiskeli kutoka geti moja hadi geti lingine. Pikipiki zilipokuja baiskeli zikafa, nikajifunza kutengeneza pikipiki. Hakuna aliyenishika mkono. Waliotaka kunishika mkono walikuwa wanatafuta spana yao.

Injini ninayoizungumzia ilikuja ndani ya gari dogo jekundu la Kijapani, mali ya ajenti mmoja wa forodha. Lilikuwa linakunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi wa kwanza alipoifungua injini, ajenti alichungulia akaona hakuna pistoni hata moja. Akampeleka fundi kwa mwenyekiti wa kijiji kwa kosa la kuiba pistoni. Fundi akaapa kwa kaburi la mama yake. Mwenyekiti akanituma nikaangalie.

Mimi pia nilizitafuta. Nilitafuta mpaka chini ya viti. Ndani ya injini kulikuwa na vyuma viwili vya pembe tatu, vimevimba mbavuni kama sambusa za hoteli nzuri, kila kimoja ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga. Hakuna kinachopanda na kushuka. Kila kitu kinazunguka. Nilivizungusha kwa mkono asubuhi nzima, kisha nikarudi kwa mwenyekiti.

"Hakuna aliyeiba," nikamwambia. "Imezaliwa hivyo."

"Imezaliwa bila pistoni?"

"Kama kuku bila meno, mwenyekiti. Na anakula."

Ajenti hakuridhika, lakini hakulitaka tena. Akaniachia injini na giaboksi yake, bodi likaenda kwa wauza vyuma chakavu. Nilichukua sehemu ya mbele ya pikipiki na ekseli ya nyuma ya gari, katikati nikachomelea vyuma na kitanda cha mbao cha kubebea mizigo. Ikawa na magurudumu matatu na nguvu kuliko inavyohitaji. Haingurumi. Inalia sauti moja nyembamba, kama nyuki waliochokozwa. Petroli inakunywa kama watu wa msibani wanavyokunywa chai, na lazima uichanganyie oili kidogo ndani yake. Hayo yote nimeyakubali. Jambo moja tu ni gumu: ikishapata moto, usiizime. Vyuma vyembamba vilivyo kwenye ncha za sambusa vimelika, na vipya huku havipatikani. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikiwa moto haiwaki mpaka ipoe, au watu waisukume.

Mke wangu ni wa Kiyeyi, kijiji cha upande wa Tororo. Kwao na kwetu mila ni moja: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, wala hazungumzi naye ila kwa mdomo wa mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeona gomesi yake, lile gauni refu la mshipi, kwa mbali, na mgongo.

Basi siku moja ya mvua simu ikaja kwamba mama mkwe ameteleza na paja limevunjika. Pikapu ya kukodi ya pale ilikuwa imekwenda mazishini. Gari la wagonjwa lilikuwa upande mwingine na mama mjamzito. Mke wangu akaja karakana bila viatu.

"Baba watoto, vidole vya mguu vimekuwa baridi. Wanasema akichelewa mguu utaondoka, na pengine yeye mwenyewe. Kwenye bodaboda hakai. Hiyo kitu yako inaweza kumlaza."

"Mimi ni mkwe."

"Unataka kuwa mkwe wa maiti?"

Nikachukua ufunguo.

Nilifika Kiyeyi nikasimama nje ya ua, kama inavyotakiwa, injini inalia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akatoka akikunja uso.

"Shemeji, zima. Mama anasikia. Mkwe haji kwa kelele hivi."

"Haizimwi."

"Kila kitu kinazimwa," akasema, akanyoosha mkono akageuza ufunguo.

Pakawa kimya. Kimya cha heshima sana.

Nilijificha nyuma ya ghala wakati wanambeba na godoro lake na kumfunika shuka mpaka kichwani. Kisha nikaja kinyumenyume nikakaa kwenye usukani. Nikageuza ufunguo. Haikuwaka. Nikageuza tena. Shemeji akaniangalia. Mtu aliyekupa mke humtukani mbele ya mama yake, kwa hiyo nilisema neno moja tu.

"Sukumeni."

Majirani wakasukuma, na shemeji pamoja nao, kuelekea mteremko wa mtoni. Mpango ulikuwa yeye akae nyuma na mama, awe mdomo wetu. Chini ya mteremko nikaachia klachi, ikashika, moshi ukawafunika wote.

"Simama nipande," nikamsikia shemeji.

"Nikisimama inazima."

Alikimbia kidogo, halafu sikumsikia tena.

Tulikwenda hivyo mpaka njia panda. Ndipo sauti ikatoka chini ya shuka.

"Wewe gari."

Nikaendelea kuendesha.

"Wewe gari, mwambie anayekuendesha mashimo mengine tunaweza kuyaacha."

Nikafikiri. "Gari," nikasema nikitazama mbele, "mwambie mama nimesikia."

"Gari, muulize kijana wangu yuko wapi."

"Gari, mwambie mama kijana amebaki kwenye moshi."

"Mwambie hata kuzaliwa alichelewa."

Baada ya hapo akanyamaza. Barabara ikawa mbaya, na kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisubiri alalamike, naye hakulalamika. Kugeuka nimtazame siwezi. Kusimama siwezi. Sijawahi kuuchukia mgongo wangu kama siku ile.

"Gari," nikasema, "muulize mama kama yupo."

Hakujibu.

"Gari, muulize tena."

"Gari, mwambie nipo," akasema taratibu. "Nimebana pumzi. Wewe unanuka."

Hospitalini Tororo niliiacha inalia mlangoni. Askari akaja na fimbo yake.

"Mzee, hapa unazima."

"Ukiizima, utaisukuma wewe."

Akaiangalia, akaniangalia, akarudi getini kwake. Wauguzi wakamchukua mama na godoro lake, mimi nikitazama ukuta. Daktari alimwambia mke wangu, aliyefika kwa bodaboda, kwamba damu ingekosa kupita mguuni kwa muda zaidi, wangekata. Hawakukata.

Mwezi haujaisha, wazee wa Kiyeyi wakaitisha kikao. Mkwe amesemezana na mama mkwe peke yao barabarani. Wakataka mbuzi wa kuosha jambo hilo, na shemeji ndiye aliyesimama kueleza kosa, kwa sababu alisema nilimwacha makusudi. Mama akatuma neno kutoka kitandani: "Mimi sijasema hata neno na mkwe wangu. Nilisema na gari. Anayetaka mbuzi akaliombe gari." Mzee mmoja akauliza kama gari lile limeoa katika ukoo huo. Wakaangaliana, ikaonekana kwamba halijaoa. Kikao kikaisha, wakanywa chai.

Leo nina kiwanja Busia chenye hati. Nyumba ya vyumba vinne. Karakana chini ya bati langu mwenyewe. Mashine ya kuchomelea. Ng'ombe wawili. Mke, yule yule. Sambusa moja ya chuma ya akiba, nazuilia mlango. Injini ile, na mpaka leo haizimwi ikiwa moto. Mama mkwe mmoja Kiyeyi, mwenye miguu yote miwili, anatembea na fimbo. Nikifika huko naona mgongo wake akielekea shambani.